Ukibanwa Ufanye Nini: Mwongozo Kamili wa Kuzoea Magumu Kwenye Sparing

Kuna watu waliopitia mazito maishani: wamefiwa, wamefilisika, wameugua mpaka ndugu wakakata tamaa, na wakasimama tena. Kisha wanaingia kwenye sparing, yaani pambano la mazoezi na mwenzako, wanapokea konde moja la pua, na ghafla mikono imeshuka, macho yamefumba, pumzi imekata. Si kwamba ni waoga. Uvumilivu walionao ni wa aina nyingine. Mengi ya maisha huvumiliwa kwa kungoja: unameza, unanyamaza, siku zinapita, jambo linapoa. Ulingoni ukingoja unalipa papo hapo, maana konde la kwanza likishafika, la pili liko njiani.

Kwa hiyo kinachohama kutoka kwenye shida za maisha na kuja kukusaidia mazoezini si kukaza meno. Ni ile tabia ya mtu aliyepatwa na pigo, akajiuliza "sasa hivi naweza kufanya nini?", akafanya hicho kimoja hata kama ni kidogo. Mwongozo huu unahusu kuijenga tabia hiyo kwa makusudi, raundi kwa raundi. Unamfaa anayecheza ngumi, kikboksing, karate, taekwondo, judo, jiujitsu au mieleka. Mifano itatofautiana kidogo, kazi ni ileile.

Nachukulia kwamba misingi unayo: unajua kusimama, kujikinga na kuanguka, na una kocha anayekuangalia. Kama umeanza mwezi huu, soma tu, ila sparing isubiri.

Ugumu ni kitu kimoja, kuumia ni kingine

Anza hapa kabla ya lolote, kwa sababu watu wenye historia ya kuvumilia ndio walio hatarini zaidi. Wamezoea kupuuza maumivu, na kwenye mchezo huu kuna maumivu ambayo hayapaswi kupuuzwa hata kidogo.

Ugumu ni uchovu, hofu, kubanwa, kuzidiwa, kuguswaguswa usoni usijue linatoka wapi, aibu ya kuangushwa na mtu mdogo kuliko wewe. Huo unafundisha, na ndio tutakaoutafuta. Kuumia ni kichwa kutikisika, kiwiko kupindwa kupita mwisho wake, ubavu kuvunjika. Hapo hakuna somo, unapoteza tu wiki za mazoezi, na kwa upande wa kichwa unaweza kupoteza zaidi ya hapo.

Ukipigwa kichwani kisha ukaumwa kichwa, ukapata kizunguzungu au kichefuchefu, ukaona ukungu, ukachanganyikiwa au ukasahau raundi ilivyoanza, sparing yako ya siku hiyo imekwisha. Imekwisha hata kama baada ya dakika 5 unajisikia mzima. Kutapika mara kwa mara, kupoteza fahamu, degedege, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, maumivu ya kichwa yanayozidi au usingizi usio wa kawaida: hayo ni ya hospitali, na ni sasa hivi. Kurudi mazoezini ni kwa ngazi. Unapumzika siku moja au mbili, unaanza mazoezi mepesi ya kutembea au baiskeli, kisha ufundi bila kugusana na mtu, kila ngazi ikichukua angalau saa 24 na ukishuka ngazi moja dalili zikirudi. Kugusana kunakuja mwisho, daktari akisharuhusu.

Kofia ya kinga hupunguza michubuko na kuchanika nyusi, lakini haiwezi kuzuia ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Ndondi za ridhaa za wanaume ziliiondoa mashindanoni mwaka 2013, na kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 mabondia wanaume walipanda ulingoni bila hiyo. Usiivue mazoezini kwa sababu hiyo, ila usijione umesalimika kwa sababu umeivaa. Glovu za sparing kwa watu wazima wengi ni za aunsi 16. Kinga ya meno haina mjadala. Kinga ya kinena na ya ugoko zitategemea mchezo wako.

Wanaocheza chini, kwenye mkeka, gongeni mapema, yaani pigapigeni mkono kuonyesha mmekubali kushindwa. Kabali iliyokaa vizuri kwenye mishipa ya pande mbili za shingo huzima fahamu kwa sekunde chache, na kiungo kilichofungwa hakitoi taarifa ndefu kabla ya kuachia. Wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Kwenye mkeka, asiyekubali kugonga huenda akakaa nje na bendeji miezi kadhaa, wenzake wakiendelea.

Chagua gumu moja tu

Kosa la kawaida ni kuingia sparing na lengo la "leo nitakuwa mgumu". Hilo mwili hauwezi kulifanyia kazi. Tafuta jambo moja linalokuvunja.

Njia rahisi kuliko zote ni simu. Iweke pembeni irekodi raundi mbili, kisha uangalie sekunde tatu zinazofuata kila pigo lililokupata sawasawa. Usiangalie mengine, hata yale uliyoyafanya vizuri. Utaona kitu kinachojirudia: unageuza uso, unarudi nyuma moja kwa moja mpaka kwenye kamba, unarusha makonde matano ya hasira yasiyolenga popote, au unaganda. Kwenye judo na jiujitsu angalia sekunde tatu baada ya kuangushwa au kupitwa miguu. Wengi hunyoosha mikono kumsukuma aliye juu yao, na hiyo mikono ndiyo inayokamatwa.

Sasa andika sentensi moja yenye sehemu mbili, inayoanza na hali inayokupata, kama "nikigusa" au "nikikaliwa", na kuishia na kitendo. Kwa mfano: "Nikigusa kamba mgongoni, nitainua kinga na kutoka kwa upande wangu wa kushoto." Au: "Nikikaliwa tumboni, nitarudisha viwiko mbavuni kwanza." Sentensi ya namna ya "sitaogopa" haifai, kwa sababu si kitendo. Mwili unahitaji kuambiwa mkono uende wapi.

Baki na hilo gumu moja wiki mbili hivi. Mengine yatakuwepo tu, hayaendi mahali.

Kubaliana na mwenzako kabla ya kengele

Sparing nzuri huanza kwa maneno. Unamwambia: "Leo nataka unibane kwenye kona. Mwilini nipige kwa nguvu ya nne kwa kumi, kichwani uguse tu. Nikitoka, unaniachia, tunaanza tena." Hapo mwenzako amekuwa mtu wa kukusaidia, hakuna tena suala la mshindi. Bila maelezo hayo naye atajitafutia kazi ya kufanya, na mara nyingi ataona kazi yake ni kushinda.

Kwa kiasi, sehemu kubwa ya sparing yako iwe nyepesi: tatu au nne kwa kumi kwa nguvu, hata kama kasi ni kubwa. Haraka lakini laini. Sparing ya nguvu ya saba ije mara chache, kwa anayejiandaa na pambano, na kocha akiwa amesimama palepale. Nguvu kamili sioni nafasi yake mazoezini. Watakaokuambia vinginevyo mara nyingi ni wale ambao mwendo wao ni mmoja tu, na kila aliyecheza mchezo huu anamjua mmoja wao. Mwachie begi, ule mfuko mzito wa kupigia makonde.

Mwenza bora wa kujifunzia magumu ni yule anayeweza kukubana bila kukuumiza. Mtu mzito, mzoefu na mtulivu ni salama kuliko mgeni mwepesi mwenye papara. Akiongeza nguvu bila kujua, mwambie "punguza" mara moja. Akirudia, mshukuru na ufunge raundi. Kufunga raundi ni sehemu ya zoezi: maishani pia kuna magumu unayoyaingia na mengine unayoyaondokea, na kujua lipi ni lipi kunaokoa nguvu nyingi.

Sekunde mbili baada ya pigo

Hii ndiyo sehemu inayostahili muda wako mwingi. Mtu hashindwi kwa sababu amepigwa. Wote hupigwa. Anashindwa kwa kile anachokifanya katika sekunde mbili zinazofuata, na hicho kinaweza kufundishwa sawa na teke au konde lolote.

Pigo likifika, mwili una mambo yake ya kuzaliwa nayo. Unakata pumzi, unafumba macho, unainua kidevu na mabega, unageuka upande. Macho yanabaki kwenye glovu iliyokupiga wakati hatari imeshahamia kwenye glovu ya pili. Ukiambiwa tu "tulia" huwezi, kwa sababu haya hayapiti kwenye mawazo. Yanabadilishwa kwa kurudia.

Jibu unalolijenga lina mpangilio. Pumzi inatoka kwanza, fupi na yenye sauti kupitia meno, kama unavyofanya unapopiga wewe. Ukitoa pumzi huwezi kuganda kwa wakati uleule. Kidevu kinashuka, mikono inarudi juu kwenye mashavu, macho yanatua kifuani mwa mpinzani, karibu na mfupa wa bega, mahali ambapo mikono yote miwili inaonekana inapoanza kutoka. Mguu mmoja unahama nusu hatua kwa pembeni, usirudi nyuma moja kwa moja. Na mwisho unarusha jebu, konde la haraka lililonyooka la mkono wa mbele. Hata likikosa limefanya kazi, kwa kuwa limemwambia mwenzako kwamba bado upo, na limekuambia wewe vilevile.

Lijenge hivi. Simameni umbali wa mkono. Mwenzako anagusa paji la uso wako kwa glovu, polepole, ukijua linakuja. Wewe: pumzi, kidevu, mikono, mguu, jebu. Rudieni dakika 2. Raundi ya pili anagusa bila kukuambia lini. Raundi ya tatu anagusa mara mbili mfululizo, ili ujifunze kwamba la kwanza si la mwisho. Raundi ya nne mnatembea wote wawili na anakugusa katikati ya mwendo. Ikifika raundi ya tano mpe ruhusa ya kupiga mwilini kwa nguvu ya nne. Jibu likiharibika, rudini ngazi moja nyuma bila maneno mengi.

Mapigo mawili yanahitaji maelezo ya peke yake. La puani hutoa machozi mara moja, na watu wengi hufikiri wanalia. Ni macho tu yanavyojibu. Utaona ukungu kwa muda mfupi, kwa hiyo usijaribu kupigana ndani ya ukungu huo: kinga juu, toka pembeni, au mkumbatie mwenzako mpaka uone. Damu ikitoka, simamisha, inama kidogo mbele, bana sehemu laini ya pua dakika 10 mpaka 15 bila kuachia. Kuinamisha kichwa nyuma kunakumezesha damu tu.

La pili ni la chembe ya moyo. Kiwambo kinachovuta pumzi kinakaza ghafla na unahisi hewa imekwisha duniani. Haijaisha. Kwa kawaida inarudi yenyewe baada ya muda mfupi, mara nyingi chini ya dakika moja, na ukipambana kuivuta kwa nguvu unajichelewesha. Piga goti, legeza tumbo, vuta kidogo kidogo kupitia puani. Mtu aliyelipitia hili mara moja kwa utulivu halimtishi tena kama zamani, na hilo ni faida ya kweli. Lile la ini, chini ya mbavu za kulia, lina tabia ya kuchelewa nusu sekunde kisha miguu inakataa. Hapo hakuna ujanja wa kuonyesha. Kaa chini, pumua, raundi imekwisha.

Kwa wanaocheza chini, sekunde mbili hizi zina sura nyingine. Ukishaangushwa au kukaliwa, kazi ya kwanza si kutoka. Ni kutokubali hali iwe mbaya zaidi: viwiko vibane mbavuni, kidevu kishuke, jigeuze kwa ubavu usilale chali kabisa, kisha pumua mara mbili ukiwa umebanwa. Ukiweza kupumua chini ya mtu mzito una muda, na ukiwa na muda, unaweza kuanza kufikiria kusogeza nyonga na kuinua kiuno ili utoke.

Anzia pabaya

Jigoro Kano alipoanzisha judo mwaka 1882 huko Japani, mafunzo yake yaliweka mbele kuanguka. Mpaka leo anayeanza judo hujifunza kupiga mkono kwenye mkeka na kulinda kichwa kabla ya kujifunza kumwangusha yeyote. Mantiki yake ni kubwa kuliko inavyoonekana: aliyezoea kuanguka hushambulia kwa uhuru, kwa kuwa jambo analoliogopa ameshalizoea.

Tumia mantiki hiyo katika raundi zako. Badala ya kusubiri mambo yaharibike, anza yakiwa yameshaharibika. Mgongo kwenye kamba, mwenzako ameshasimama kwenye umbali wake anaoupenda. Kengele ikilia, kazi yako ni moja, kutoka ukiwa umesimama vizuri na unamtazama. Ukitoka mnarudi mwanzo. Raundi ya dakika 3 itakupa nafasi nyingi za kutoka, na utajifunza zaidi hapo kuliko kwenye miezi ya sparing ya kawaida ambapo unafika kwenye kamba mara mbili tu na mara zote mbili unatoka kwa bahati.

Kona ni ngumu zaidi, iache mpaka kamba izoeleke. Kwenye mkeka, anza ukiwa umekaliwa tumboni, au umebanwa ubavuni, au mwenzako ameshika mgongo wako na mkono mmoja umeshapita shingoni. Kwenye karate na taekwondo, anza ukiwa nyuma kwa pointi mbili na sekunde 30 zimebaki. Hilo linafundisha jambo moja ambalo kubanwa kwa mwili hakufundishi: kushambulia bila papara wakati saa inakukimbilia.

Kuna namna nyingine ninayoipenda sana. Fanya kazi ya begi au kuruka kamba kwa nguvu dakika 2, kisha uingie moja kwa moja kwenye sparing nyepesi na mtu aliyepumzika. Pale ndipo ufundi wako halisi unapoonekana. Mikono itataka kushuka, na ukiwa umechoka utaanza kubahatisha. Punguza idadi ya vitu unavyojaribu. Jebu, kinga, hatua ya pembeni, basi. Kazi ya raundi hiyo ni kuhakikisha hivyo vitatu haviharibiki, na kama vikiharibika, ujue kipi kilianza.

Watu wakizungumzia kamba humtaja Muhammad Ali na pambano la Kinshasa la tarehe 30 Oktoba 1974. George Foreman alikuwa na miaka 25, hajapoteza pambano hata moja, na alikuwa amewamaliza Joe Frazier na Ken Norton kila mmoja katika raundi mbili. Ali, mwenye miaka 32, aliegemea kamba, akamwacha apige, na raundi ya 8 akamwangusha. Wengi walioisikia hadithi hiyo huchukua somo lililopinda: kwamba Ali alivumilia kipigo mpaka mwenzake akachoka. Itazame vizuri. Mengi ya makonde yale yalitua kwenye mikono na viwiko. Ali alikuwa anaegemea nyuma ili kichwa kiwe mbali, anamshika Foreman shingoni na kumlalia, anamsemesha, na kila baada ya muda anarusha makonde ya haraka usoni. Mtu aliyekuwa amebanwa alikuwa na kazi nyingi kuliko aliyekuwa anabana. Ukiiga kuegemea bila kuiga kazi hiyo, umeiga upande wa kupigwa tu.

Hasira na aibu

Maumivu ni rahisi kuyashughulikia kuliko haya mawili. Mtu ameangushwa mbele ya wenzake, uso unawaka moto, na sasa anataka kulipa. Makonde yanakuwa makubwa, mabega yanakaza, pumzi inaisha katika nusu dakika. Mwenzake naye anaongeza. Ajali nyingi za mazoezini huanzia hapa, na zinaanza na watu wawili ambao hakuna aliyekusudia kuumiza.

Dawa yake ni sheria uliyojiwekea mapema: nikihisi nataka kulipa, konde linalofuata litakuwa jepesi kuliko lote nililorusha leo. Inaonekana jambo dogo. Ijaribu utaona inavyouma. Lakini kulegeza konde moja kwa makusudi kunarudisha usukani mikononi mwako, na mara nyingi mwenzako naye hushuka.

James "Buster" Douglas alipigana na Mike Tyson Tokyo tarehe 11 Februari 1990, wiki chache baada ya kufiwa na mama yake. Tyson alikuwa hajashindwa katika mapambano 37. Mwishoni mwa raundi ya 8, Douglas, aliyekuwa anaongoza kwa jebu lake refu, alipigwa konde la chini kwenda juu akaenda sakafuni. Alipiga sakafu kwa ngumi mara moja kwa uchungu, akaifuata hesabu ya refa, akasimama karibu na mwisho wake. Raundi ya 9 hakurudi kulipiza kwa makonde ya kubahatisha. Alirudi kwenye kazi iliyokuwa imemfikisha pale, jebu na mkono wa kulia, na raundi ya 10 Tyson akaanguka asiweze kuimaliza hesabu. Ukitaka kujifunza kitu kwenye pambano lile, usitafute nguvu alizipata wapi. Tazama alirudi kwenye nini: kazi aliyokuwa anaifanya kabla ya kuanguka. Ndiyo maana uliandika sentensi moja mapema. Unahitaji mahali pa kurudi.

Dakika ya mapumziko

Fupi hii. Sekunde 20 za mwanzo ni za pumzi peke yake: ndani kwa pua, nje polepole na kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta, mabega yashuke. Usiongee. Kisha sikiliza agizo moja la kocha, na kama anakupa matano chagua la kwanza. Sekunde za mwisho simama mapema, irudie ile sentensi yako kwa sauti ya chini, kengele ikukute umeshakuwa tayari. Usiitumie dakika hii kuhesabu uliyopigwa.

Mambo mazito yakija nawe mazoezini

Sparing si tiba, ingawa wengi hutoka wakijisikia wepesi. Siku ambayo hujalala, umefiwa, au umegombana vibaya, fanya ufundi au begi, au sparing ya kugusana tu. Akili iliyochoka huona vibaya na huchelewa, na kuchelewa ndiko kunakoumiza.

Kuna jambo jingine ambalo makocha wengi hawalisemi. Mtu aliyewahi kufanyiwa ukatili anaweza kukaliwa au kukabwa shingo kwenye mkeka na ghafla akarudi kule: anatetemeka, anaganda, au anapigana kana kwamba ni kufa na kupona. Hilo halitibiwi kwa kuongeza raundi. Kama ni wewe, mwambie kocha kabla, kwa maneno machache unayoyaweza, si lazima umpe historia. Kubalianeni ishara ya kusimamisha inayoheshimiwa papo hapo. Chagua mwenyewe mwenza na nafasi ya kuanzia. Anza na kubanwa kwa sekunde 5 ukijua utaachiwa, na uongeze wewe unapotaka. Na jitafutie mtaalamu wa afya ya akili wa kutembea nawe nje ya mkeka. Kama ni wewe mwenza wa mtu wa namna hiyo, kazi yako ni rahisi kuitaja: ukisikia ishara, achia kwanza, uliza baadaye.

Tena, usichanganye mashindano na mazoezi. Kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, mwanajudo wa Japani Yasuhiro Yamashita aliumia msuli wa ndama wa mguu wa kulia katika pambano lake la pili, akaendelea akichechemea mpaka fainali, akamshinda Mohamed Rashwan wa Misri kwa kumbana chini na kuchukua dhahabu. Alifanya la busara ndani ya hali mbaya: mguu haukumbeba vizuri akiwa amesimama, kwa hiyo mchezo ukamalizikia kwenye mkeka. Lakini ile ilikuwa fainali ya Olimpiki, nafasi ambayo huenda isingerudi. Jumanne jioni mazoezini si fainali ya chochote. Ukichanika msuli, nenda nyumbani.

Baada ya raundi

Mshike mwenzako mkono na umuulize swali moja tu: "Uliponibana, niliharibikia wapi?" Majibu ya mpinzani ni bora kuliko hisia zako, kwa sababu yeye ndiye aliyeliona tundu na kulitumia. Kisha andika mistari miwili au mitatu kwenye daftari usiku huohuo: gumu la leo, jibu lilikuja au halikuja, na nini kilichotangulia kulipoharibika. Usiandike nani alishinda. Ukisoma daftari baada ya mwezi utaona kwamba karibu kila mara kilichotangulia ni kitu kilekile, mara nyingi pumzi.

Kwa mpangilio wa wiki, siku mbili za sparing zinatosha kwa mtu asiye na pambano karibu. Siku ya kwanza iwe ya kuanzia pabaya: raundi tatu au nne zenye gumu lako, nguvu ndogo, na moja ya mwisho ya kucheza huru ili usisahau kufurahia. Siku ya pili iwe sparing ya kawaida, ambapo gumu linakuja lenyewe au haliji, na wewe unaangalia tu kama jibu linatokea bila kuitwa. Kati ya siku hizo fanya lile zoezi la kuguswa paji dakika chache kila unapopasha mwili. Liwe la kawaida kama kunyoosha misuli.

Kuongeza ugumu kuna ngazi zake. Kwanza ongeza kushtukiza, kisha kasi, kisha uchovu, kisha ubadilishe mwenza, na nguvu iwe ya mwisho kabisa na kwa kiasi. Wengi huanza na nguvu, ndiyo maana huishia kujifunza kuogopa. Jibu likija lenyewe siku tatu za sparing mfululizo, kocha akaliona kabla hujamwambia, chagua gumu jingine na uandike sentensi mpya. Lile la zamani lipe raundi moja kwa wiki, na mwenza tofauti kila mara.